Maonyesho ya Dansi ya Kisasa na Warsha za Mtaani Jijini Arusha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapobandika matangazo ya onyesho jipya la kikundi chetu cha dansi, maswali hutufikia kabla gundi haijakauka. Mengine huja kwa simu, na mengi zaidi hutoka kwa wapita njia wanaosimama dirishani wakati wa mazoezi. Hapa tumekusanya yale yanayorudiwa zaidi, na tumeyajibu kwa kirefu pale tulipoona kwamba jibu fupi lingempotosha muulizaji.

Dansi ya kisasa ni nini, na inatofautiana vipi na ngoma au na unenguaji wa jukwaani?

Ngoma ya asili ina wenyewe. Ina jamii iliyoizaa na ina wakati wake, uwe wa jando, wa harusi, wa mavuno au wa msiba, na mchezaji huingia katika mtindo ambao waliomtangulia wameshaupanga. Unenguaji wa bendi, na siku hizi wa video za Bongo Fleva, huufuata muziki. Wimbo ndio mwenye nyumba na mchezaji ni mgeni wake. Katika dansi ya kisasa, kazi huanzia kwenye swali. Tunajiuliza, kwa mfano, mtu aliyechoka hukaaje kitini, au watu kumi na wanane hupishanaje ndani ya kifodi, yaani daladala ndogo, kilichojaa, halafu tunautafuta mwendo unaoweza kulijibu swali hilo. Muziki unaweza kuja baadaye, au usije kabisa. Inawezekana mchezaji akasimama dakika nzima bila kutikisika, na utulivu huo ukawa ni sehemu ya dansi sawasawa na kuruka.

Wapo wanaoiita kontemporari, na wapo wanaoiita ngoma ya kisasa. Majina yote mawili tunayaitikia.

Je, hii si sanaa ya kigeni iliyoletwa kwetu?

Swali hili huulizwa kwa nia njema, mara nyingi na wazee, na linastahili jibu la heshima. Ni kweli kwamba baadhi ya mbinu tunazojifunza zilitungwa mbali. Martha Graham, mchezaji na mtunzi wa dansi aliyeanzisha kundi lake nchini Marekani mwaka 1926, alijenga mtindo mzima juu ya pumzi, yaani namna kiwiliwili kinavyojikunja mtu anapotoa hewa na kinavyofunguka anapoivuta, na mpaka leo zoezi la kwanza la warsha zetu nyingi ni kupumua. Lakini Afrika nayo ina shule zake. Mwaka 1977 ilifunguliwa Dakar shule ya Mudra Afrique chini ya Germaine Acogny, mchezaji na mwalimu wa dansi ambaye alichukua miondoko ya Afrika Magharibi na kuifanya mbinu inayofundishika hatua kwa hatua. Baadaye, mwaka 1998, alianzisha École des Sables katika kijiji cha Toubab Dialaw nchini Senegal, ambako wachezaji kutoka pande zote za bara hukutana, na mwaka 2021 alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu huko Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake yote.

Hapa kwetu mjadala huu ni wa tangu mwanzo wa Jamhuri. Tarehe 10 Desemba 1962, akilihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo hiyo alisikitika kwamba wasomi wa wakati ule walijua rumba, chachacha na twisti, ilhali wachache tu ndio waliozijua ngoma za kwetu kama gombe sugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lele mama. Sisi tunayachukulia maneno hayo kuwa ni deni. Mchezaji wetu hapandi jukwaani kabla hajajifunza ngoma walau mbili kutoka kwa wanaozijua tangu utotoni, kwa sababu tunaamini kwamba asiyejua uti wa mgongo wake unatoka wapi hawezi kuupeleka mahali papya.

Tukumbuke pia kwamba watu wa Afrika Mashariki hawajawahi kungoja ruhusa ya kuchanganya. Babu zetu wa pwani walizitazama bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua paredi, sare na tarumbeta, wakazifanya beni, ngoma yao wenyewe yenye vyama na mashindano yake, nayo ikasafiri mpaka bara. Arusha yenyewe ni mji wa wahamiaji. Katika mtaa mmoja unaweza kumkuta Mwarusha, Mmeru, Mchagga, Mpare, Mrangi, Mwiraqw, Msomali na Mhindi, na kila mmoja anatembea kwa namna yake. Mwenye macho ataiona dansi hiyo kabla hajaingia ukumbini.

Onyesho la safari hii linahusu nini?

Linahusu kubeba. Tulianza kwa kukaa asubuhi nyingi karibu na soko la Kilombero tukitazama tu: wasukuma mikokoteni wanavyoegemeza kifua wanapopanda mlima na wanavyorudisha uzito nyuma wanaposhuka, makuli wanavyopokezana magunia, akina mama wanavyojitwika. Kutokana na asubuhi hizo ilizaliwa kazi ya dakika hamsini na tano yenye wachezaji saba, wapiga ngoma wawili na ndoo kumi na mbili.

Ningependa kueleza jambo moja lililotokea mazoezini, kwa sababu ndilo lililobadilisha kazi nzima. Vijana wetu walikuwa wamebuni sehemu ya kujitwika ndoo, na ilipendeza kwa mbali. Tulimwalika mama mmoja anayeuza ndizi sokoni aje aitazame. Alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akaomba kanga. Aliikunja, akaizungusha kuwa ngata, akaiweka utosini bila kuitazama. Hakuinama kuifuata ndoo. Alikunja magoti mpaka ndoo ikawa karibu na kifua, akaipandisha kwanza kwenye paja, akavuta pumzi, na hapo ndipo ikafika kichwani. Kisha alisimama bila kutembea kwa muda mfupi, kama anayesikiliza. Tulipomuuliza alikuwa akingoja nini, alijibu kwamba anangoja maji yatulie, kwani ukianza kutembea wakati maji bado yanacheza, yatakuchezesha wewe. Vijana wetu walikuwa wamekikosa kile kituo kidogo. Sasa ndicho kiini cha onyesho, na kila mchezaji anakifanya kwa muda wake mwenyewe, si kwa kuhesabiwa.

Maonyesho yatafanyika wapi na saa ngapi?

Yatafanyika Ijumaa na Jumamosi kwa majuma matatu mfululizo, katika ukumbi wa jumuiya tunaoutumia Kaloleni, si mbali na uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Milango hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu jioni na onyesho huanza saa moja kamili usiku. Tunaomba kwa dhati saa hiyo iheshimiwe, kwa kuwa kazi huanza gizani na kwa ukimya, na mlango unapofunguliwa mwanga wa nje huingia mpaka katikati ya jukwaa. Atakayechelewa ataombwa asubiri kwa dakika chache mpaka sehemu ya kwanza iishe.

Kiingilio ni kiasi gani?

Ni shilingi 5,000 kwa mtu mzima na shilingi 2,000 kwa mwanafunzi. Waliotufundisha kubeba, yaani wachuuzi, makuli na wasukuma mikokoteni, wanaingia bure pamoja na mtu mmoja wa nyumbani kwao. Malipo hufanyika mlangoni kwa fedha taslimu au kwa simu.

Mimi si msomi wa sanaa. Je, nitaelewa?

Utaelewa, ingawa huenda usiweze kuyasema uliyoyaelewa, na hilo si kosa lako wala la dansi. Mtu akirudi kutoka ngomani haulizwi ngoma ile ilikuwa na maana gani, anaulizwa ilikuwaje. Angalia wapi uzito ulipo, nani amembebea nani, nani ameachwa na mzigo peke yake. Ukiona kitu kinachokukumbusha mtu wa nyumbani kwenu, usikifukuze kwa kudhani umekosea. Baada ya kila onyesho tunakaa na watazamaji kwa nusu saa hivi na kuzungumza kwa Kiswahili, na mara nyingi maoni yanayotufaa zaidi hutoka kwa waliotangulia kusema kwamba hawajui lolote.

Ninaweza kuja na watoto?

Ndiyo, kuanzia miaka sita. Wadogo zaidi ya hapo huogopa giza la mwanzo.

Sijawahi kucheza maishani. Je, warsha zinanifaa?

Warsha za mtaani zimeandaliwa hasa kwa ajili yako. Tunasikia mara kwa mara mtu akisema "mimi sijui kucheza", na karibu kila mara aliyesema hivyo amewahi kuchezea mwana harusi, au amewahi kumbembeleza mtoto mgongoni mpaka akalala, kazi inayohitaji mdundo usioyumba kuliko ule wa wapigaji wengi. Hatuanzi na hatua za kukariri. Siku ya kwanza tunatembea. Tunatembea upesi, tunatembea polepole, tunatembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kama mtu anayelipita kundi la watu wasiomsalimu. Kisha kila mmoja anachagua kazi moja ya mikono anayoifahamu vizuri, iwe kukanda unga, kushona, kufungua nati za gurudumu au kupepeta mchele, anaifanya bila kifaa chochote mkononi, halafu anaikuza mpaka ienee mwili mzima. Kufikia mwisho wa saa mbili za warsha, chumba kizima huwa kimejaa dansi ambayo hakuna aliyeifundisha.

Fundi cherehani mmoja alikuja akiwa na hakika kwamba atatazama tu. Alipoanza kuonyesha mguu wake unavyokanyaga cherehani, kisigino na vidole vikipokezana, mpiga ngoma wetu aliacha alichokuwa akikipiga akaanza kumfuata yeye.

Warsha zinafanyika siku gani, na zinagharimu kiasi gani?

Kwa watu wazima ni Jumamosi saa tatu asubuhi, Kaloleni. Kwa vijana ni Jumapili saa nane mchana, ili waliokwenda ibadani wapate nafasi ya kula na kupumzika. Katikati ya juma tunazunguka Ngarenaro, Sombetini na Sakina, tukitumia madarasa na kumbi tunazoazimwa na viongozi wa mitaa. Zote ni bure. Tunachoomba ni uandikishe jina mapema, kwa sababu watu wakizidi ishirini na watano hakuna anayeweza kunyoosha mkono bila kumgonga jirani.

Nina umri mkubwa na magoti yananisumbua. Je, nitaweza?

Wazee wetu wana warsha yao siku ya Jumatano asubuhi, nayo hufanyika nusu kwa kukaa na nusu kwa kusimama huku kiti kikiwa karibu. Mwenye shinikizo la damu, mwenye ujauzito au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni tunamsihi azungumze na daktari wake kwanza, kisha atueleze faragha kabla ya kuanza. Wageni wanaotoka Dar es Salaam au Tanga wakumbuke kwamba Arusha ipo juu, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Pumzi huisha upesi siku za mwanzo, na hiyo si dalili ya uvivu.

Kwa ushauri wangu, wazee ndio wanaostahili kutangulia. Kijana anaonyesha anachoweza. Mzee anaonyesha kilichobaki baada ya mengi kuondoka, na jukwaani kitu hicho kina uzito wa pekee.

Je, watu wenye ulemavu wanashiriki?

Wanashiriki, tena si katika kundi la kando. Mchezaji mmoja kati ya wale saba wa onyesho anatumia kiti cha magurudumu, na sehemu aliyoitunga yeye ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inawataka wenzake wajifunze kusimama kwa mpigo mmoja na magurudumu yake. Ukumbi una njia ya mteremko upande wa nyuma. Kwa viziwi, warsha ya Jumamosi ina mkalimani wa lugha ya alama. Tujulishe siku tatu kabla ili tuwe na hakika atakuwepo.

Nivae nini?

Vaa nguo inayokuruhusu kukaa chini na kuinuka bila kujishika: suruali pana na fulana, au gauni lenye suruali ndani. Hijabu haina tatizo lolote. Ifunge vizuri isiteleze. Tunacheza miguu mitupu. Kanga moja ya ziada hufaa kila wakati, na ukija mwezi wa Juni au Julai usisahau sweta la kuvaa mara tu mazoezi yanapoisha, kwani baridi ya Arusha humkamata mtu aliyetoka jasho.

Je, kuna kugusana? Dini yangu au malezi yangu hayaniruhusu.

Yapo mazoezi ya kuegemeana na kubebana, na hakuna anayelazimishwa. Mwanzoni mwa kila warsha tunauliza, na anayependa kucheza bila kuguswa hufunga kitambaa cheupe mkononi, hatoulizwa sababu. Kipo pia kipindi cha wanawake peke yao siku ya Alhamisi alasiri, kinachoongozwa na mwanamke, madirisha yakiwa yamefungwa mapazia. Siku ya Ijumaa hatupangi warsha mchana, na katika mwezi wa Ramadhani vipindi vyote vya alasiri husimama.

Kwa nini mnasisitiza sana habari ya sakafu?

Kwa sababu sakafu ndiyo mchezaji wa kwanza. Kumbi nyingi za mji huu zimejengwa kwa ajili ya mikutano na sherehe, na chini ni saruji au vigae. Saruji haipokei kitu. Mtu anaporuka na kutua juu yake, nguvu yote humrudia kwenye vifundo, magoti na kiuno, na atakayefanya hivyo kila siku kwa miaka ataumia hata kama ana nidhamu ya kujipasha moto. Miaka kadhaa iliyopita tulikubali kucheza katika ukumbi mmoja wa kifahari ambao wenyewe walituhakikishia kwamba sakafu ni salama. Ilikuwa ni vigae vilivyopigwa polishi, na mwenzetu mmoja aliteleza na kuumia goti, akakaa miezi minane bila kucheza. Tangu hapo hatukubali ukumbi kabla ya kuukanyaga wenyewe kwa miguu mitupu.

Sasa tunatandaza sakafu yetu. Chini kabisa tunapanga vipande vya mpira vilivyokatwa kutoka kwenye matairi chakavu, juu yake fremu za mbao laini, kisha mbao nyembamba, na mwisho tandiko la plastiki ambalo viungo vyake hubandikwa kwa gundi ya utepe. Kazi hiyo huwachukua watu sita karibu saa nne. Kabla ya onyesho mtu mmoja huipitia yote kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, akiwa amepiga magoti, kwa kuwa vumbi jekundu la Arusha hupenya kila mahali na punje moja ya kokoto inatosha kuchana wayo.

Je, mnatumia ngoma za makabila? Mnaziombea ruhusa?

Tunajifunza kutokana nazo, na ndiyo, tunaomba. Jambo hili linahitaji umakini mkubwa hapa kwetu kuliko mahali pengine pengi, kwa sababu Arusha ni lango la watalii, na kuruka kwa Wamaasai kumegeuzwa kuwa picha ya kuuzia safari. Ukiuona mruko ule kwenye bango, unaweza kusahau kwamba miruko ya morani ina mahali pake katika maisha ya rika, na kwamba sherehe kama eunoto ni njia ya morani kuvuka kutoka hatua moja ya maisha hadi nyingine. Hatuchukui kitu cha sherehe hiyo na kukiweka jukwaani. Tunachofanya ni kwenda na kuuliza: mruko huu unaanzia wapi, kwa nini kisigino hakigusi chini, shingo inafanya kazi gani. Tulipojibiwa kwamba sehemu fulani si ya kuonyeshwa, tuliiacha, na onyesho halikupungukiwa.

Waliotufundisha hutajwa katika karatasi ya onyesho iwapo wenyewe wameridhia, na hulipwa siku ile ile. Chai na soda si malipo.

Ninaweza kupiga picha au video?

Wakati wa onyesho, hapana. Mwanga wa simu moja huwavuruga wachezaji walio gizani. Baada ya makofi ya mwisho wachezaji watabaki jukwaani kwa dakika tano, na hapo piga utakavyo. Katika warsha za watoto hakuna picha bila ridhaa ya mzazi au mlezi iliyoandikwa.

Mna vibali?

Kikundi kimesajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na kila onyesho la hadhara hupitia kwa afisa utamaduni wa Jiji. Muziki wa safari hii umetungwa na wapigaji wetu wenyewe.

Itakuwaje umeme ukikatika au mvua ikinyesha?

Mvua ikinyesha tunaendelea, ingawa bati hupiga kelele na wapiga ngoma hulazimika kuongeza nguvu. Umeme ukikatika tunawasha taa za betri, na kazi inaendelea kwa mwanga mdogo. Iliwahi kutokea katika onyesho la majaribio, na wengi waliokuwepo walituambia wameipenda zaidi hivyo.

Mwanangu anataka kuifanya dansi kuwa kazi. Nimkubalie?

Mzazi anayeuliza hivi hatumpi maneno matamu. Kipato cha mchezaji hakitabiriki. Wengi huishi kwa kuunganisha harusi, hoteli, video za wanamuziki na kufundisha. Lakini njia ipo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, hutoa mafunzo ya stashahada, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho kwa ngazi ya shahada. Mwache kwanza aje kwenye warsha za vijana kwa miezi mitatu bila kukosa. Si kipaji tunachokitazama katika muda huo, ni kama anarudi siku baada ya ile aliyofanya vibaya. Akirudi, njoo tuzungumze, nawe uwepo.

Ninaweza kusaidia vipi?

Safari hii tunahitaji mambo mawili tu. La kwanza ni watu wa kutandaza na kukunja sakafu, saa nne kabla na saa moja baada ya kila onyesho; chakula kipo. La pili ni ndoo. Tunazo tisa na tunahitaji kumi na mbili, nazo ziwe za bati na ziwe zimetumika, kwa sababu ya plastiki haina mlio na mpya ina mlio mkali mno. Ukiwa nayo nyumbani, hata kama inavuja kidogo, ilete Kaloleni siku yoyote ya mazoezi kuanzia saa tisa alasiri.